Mkono wa Papa Alphonse

“Usikuye leo. Docteur amebadirisha dawa ya Papa.”

Ujumbe wa mchumba wake Wivine ulimkuta Hao, fundi Mchina wa mgodini, amekwisha kuvaa suti, kreti ya bia miguuni. Leo ndiyo siku ya kujitambulisha ukweni. Akapiga simu papo hapo.

— Dawa ya Papa na ndoa yetu, biko na maneno gani?

Wivine, muuguzi hapa mtaani Ruashi, alilia kwanza, ndipo akaeleza. Baba yake, Papa Alphonse, mstaafu wa reli, huapa kwamba habagui mtu. Lakini mwaka mzima, kila Hao alipoingia, mkono wa mzee ulichukua simu mezani ukaitia mfukoni, mwenyewe hata hajui. Kisha akaanzishiwa propranolol ya presha. Simu ikabaki mezani, mzee akawa anacheka na Hao. Wivine aliwahi kusoma kwamba huenda dawa hiyo hupunguza ubaguzi uliojificha, ingawa watafiti hawana hakika. Juzi ikambana kifua hadi akapelekwa hospitali; leo daktari ameiondoa.

— Kama ni kidonge njo kilikupenda, Hao? Atakukatala mbele ya bandugu.

— Wacha anikatale. Miye nilipenda weye. Nakuya.

Huyo ndiye Hao, king'ang'anizi mwenye adabu. Akaenda.

Sebuleni, alipopiga goti kusalimia, mkono wa mzee ukaifuata simu. Safari hii mzee akauona. Akautazama kwa aibu mbele ya ndugu wote. Wivine alitamani ardhi impasukie.

— Hao, mutoto wangu, sitakuficha. Mutima inapiga mbio, nakuogopa, na sijue juu ya nini. Kidonge kilikuwa kinaituliza. Lakini siku kifua kilinifunga, ni weye ulinibeba mpaka hospitali. Ile niliona na macho yangu, hapana na kidonge.

Ikamiminwa bia. Kwao baba hanywi bia ya mkwe bila kumwuliza binti, maana ikishanywewa ndoa imekubaliwa, hairudi. Mzee akaiacha simu mezani, akashika glasi.

— Wivine, nikunywe?

Machozi yalikuwa yanamtoka mzee, hakujali wageni.

— Na mutima yako, Papa?

— Itazoea. Nikunywe, ao hapana?

— Kunywa, Papa.

Akanywa yote.