Sauti ya Babu Kwenye Simu Iliyojaa

Kila jioni, jua lilipoanza kuteremka nyuma ya mapaa ya mabati, Bibi aliwaulizia watoto. Aliinuka kitandani, akajitanda shuka lake, akasimama mlangoni na kusema, "Watoto wamerudi?"

Watoto aliowaulizia walikuwa watu wazima zamani. Mmoja wao alikuwa baba yake Mchwa, dereva wa lori mwenye ndevu zilizoanza kuingia mvi. Lakini maradhi ya kusahau yalikuwa yamemrudisha Bibi kwenye miaka ile wanawe walipokuwa wadogo, na giza likiingia roho yake haikutulia mpaka wote wawe ndani.

Mama yake Mchwa hakubishana naye. Alikuwa mfuaji wa hospitali. Tangu asubuhi alikuwa amefua na kupiga pasi mashuka ya wagonjwa, na nguvu za kubishana hakuwa nazo. Alichukua simu yake yenye kioo kilichopasuka, akabonyeza, na sauti ya mzee ikatoka, nzito na ya taratibu:

"Mama watoto, watoto wote wamo ndani. Mlango nimeufunga mwenyewe. Lala sasa."

Ilikuwa sauti ya Babu. Babu alikuwa amefariki mwaka uliopita. Alipokuwa hai alimwambia mkewe maneno hayo kila jioni, na siku moja Mama aliyarekodi kimyakimya. Bibi aliposikia sauti hiyo, mabega yake yalishuka. "Kama amefunga yeye, basi," alisema, akarudi kitandani. Na nyumba nzima, pamoja na Mchwa na mdogo wake, ikalala.

Mchwa alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Jina hilo la utani alilipata utotoni, alipotafuna kurasa za kitabu cha sala cha shangazi yake mpaka yakabaki majalada. Siku hizi hakutafuna vitabu tena. Ila bado alikuwa na pupa. Jambo lolote lililohitaji subira lilimchosha kabla hajalianza.

Siku moja simu ya Mama iligoma. Ilipata moto kama pasi, ikaandika kwamba nafasi imejaa, na kila baada ya muda ikajizima yenyewe.

"Simu hii iko njiani kuaga dunia," Mama alisema, akijikanda kiuno. "Mwanangu, si mmefundishwa shuleni habari za kuhifadhi vitu mtandaoni? Nitafutie mahali pazuri. Zipeleke huko picha zetu, na sauti ya Babu kabla ya yote."

Bibi, ambaye mchana akili yake mara nyingine ilikuwa safi, aliuliza vitu vinapelekwa wapi. Mchwa akamweleza kwamba watu hupaita wingu.

"Mnaweka mali zenu mawinguni?" Bibi alishangaa. "Na mvua ikinyesha?"

Mama alicheka mpaka akaketi. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka wiki ile.

Ni kweli mwalimu wa kompyuta alikuwa amewafundisha. "Hakuna wingu lolote," aliwaambia darasani. "Ni kompyuta ya mtu mwingine, na wewe unaomba kona. Sasa, huwezi kumwachia mtu mzigo wako bila kumuuliza maswali. Nitaupataje nikiuhitaji? Nani mwingine ataufungua? Nikikawia kurudi, utaufanya nini? Majibu yako kwenye masharti. Mkisha kuyasoma, jaribuni kwa kitu kidogo: kipelekeni, kisha mkirudishe. Kisiporudi, msipeleke kikubwa."

Mchwa aliyakumbuka maneno hayo. Mama naye alimwambia kwa ufupi, "Usifute kitu kwenye simu kabla hujajaribu kukirudisha. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mama."

Mchana ule, jirani yake darasani, msichana waliyemwita Redio kwa kuwa hakuzimika, alikuwa amemtajia huduma iitwayo Ghala. "Nafasi yake haina mwisho," Redio alisema. "Unajisajili, unamwaga vitu, umemaliza. Hizo nyingine, sijui Kabati, sijui Mkoba, zinakusumbua na maswali mpaka unasahau ulichofuata."

Basi jioni ile Mchwa hakulinganisha chochote. Alifungua Ghala. Masharti yalikuwa marefu; aliyapitisha kwa kidole mpaka chini, akabonyeza *Nimekubali*. Ghala likataka anwani ya barua pepe. Mama alikuwa bafuni anamwogesha Bibi, na kumngoja kulimwia vigumu. Mchwa akaandika anwani ya kubuni, ikakubaliwa. Akapeleka picha, akapeleka sauti. Kisha akafuta vyote kwenye simu, na ili ipate nafasi zaidi akamwaga hata kapu la vitu vilivyofutwa. Simu ikapumua.

"Umeshajaribu kurudisha?" Mama aliuliza, akijifuta mikono.

"Ndiyo, nimejaribu."

Neno lilitoka jepesi, kana kwamba si uongo.

Jioni mbili tatu mambo yalikwenda vizuri. Mama alifungua Ghala, akabonyeza, Babu akasema mlango umefungwa. Kisha ikafika jioni ambayo Ghala halikufunguka. Mchwa alipokea simu, akasoma maandishi kwenye kioo: *Akaunti hii imefungwa kwa sababu anwani yake haikuthibitishwa. Vilivyomo vimeondolewa.*

Bibi alikuwa tayari mlangoni. "Watoto wamerudi?"

"Vipi?" Mama aliuliza.

"Mtandao, Mama. Leo hauna nguvu."

"Haya. Tungoje."

Walingoja. Bibi hakungoja. Alijaribu kitasa, akavuta kiti akakiweka mlangoni, akakiondoa, akaita majina ya wanawe mmoja mmoja. Mama alimshika mkono, akamtembeza kutoka sebuleni hadi jikoni na kurudi, akimbembeleza. Mchwa alijifunika shuka mpaka kichwani, lakini nyayo zile mbili, moja ya haraka na moja iliyochoka, alizisikia vilevile.

Asubuhi Mama alikunywa chai akiwa amesimama, kwa kuogopa kwamba akiketi hatainuka. "Mtandao umerudi?" aliuliza.

"Bado."

Uongo wa pili ulikuwa mzito kuliko wa kwanza, na wa tatu ukawa mzito zaidi. Siku zikapita hivyo. Nyumba ikawa na usingizi mchana na macho makavu usiku. Mchwa alisinzia darasani akaandikwa kwenye orodha ya wenye makosa. Redio alipomuuliza kulikoni, alimjibu kwa ukali, kisha akajuta. Mara kadhaa alijaribu kufungua akaunti upya, kana kwamba Ghala lingemwonea huruma. Ghala halikuwa na huruma wala chuki. Lilikuwa tupu.

Kisha siku moja Mama alirudi mapema. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji.

"Umefanya nini?" Mchwa aliuliza.

"Nilisinzia nikiwa nimesimama, pasi ikanipata. Si jeraha kubwa." Mama alijitupa kwenye kiti, akafumba macho. "Msimamizi amenirudisha nyumbani. Leo mtandao utakuwa na nguvu, Mungu akipenda."

Mchwa alitazama bandeji ile.

"Mama, si mtandao."

Mama alifumbua macho.

Mchwa alisema yote, bila kupumzika, machozi yakimtiririka: anwani ya kubuni, masharti ambayo hakuyasoma, kapu alilolimwaga, jaribio ambalo hakulifanya. "Sauti ya Babu imepotea. Mimi ndiye niliyeipoteza."

Alingoja kugombezwa. Angependa kugombezwa. Mama alimtazama tu, kwa macho ya mtu aliyechoka hata kukasirika.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu jioni ile ya kwanza."

Kwa mkono wake wa kushoto, Mama alichukua simu na kumpigia Baba. Simu iliita mpaka karibu ikatike. Baba alikuwa kituo cha malori, ngurumo za injini zikisikika nyuma yake.

"Ile sauti ya mzee niliyokutumia baada ya mazishi," Mama alisema, "bado unayo?"

"Ninayo. Kuna nini?"

"Mwanao atakueleza."

Mchwa alipokea simu, akarudia maneno yale yale. Yalikuwa machungu zaidi mara ya pili, kwa sababu Babu alikuwa baba yake Baba. Injini ziliendelea kunguruma.

"Ningekuwa nimebadilisha simu," Baba alisema hatimaye, "sasa hivi tungekuwa tunalia wote. Ninakutumia. Lakini tutazungumza nikirudi, mimi na wewe."

"Sawa, Baba."

Muda mfupi baadaye simu ikalia. Mama aliweka simu karibu na sikio lake kwanza, akaisikiliza sauti peke yake, akaitikia kwa kichwa. Mchwa alisimama pale akijaribu kuelewa. Jambo lililowafanya wakeshe siku zote zile lilikuwa limekwisha kabla chai haijapoa.

"Kumbe Baba alikuwa nayo," alisema kwa sauti ndogo.

"Alikuwa nayo wakati wote," Mama alijibu. "Ungesema siku ile ile, tungelala siku ile ile."

Jioni Bibi aliposimama mlangoni, alijibiwa. Akaenda kulala. Mama naye alilala pale pale kwenye kiti, bandeji mapajani, na Mchwa akamfunika.

Kesho yake baada ya masomo, Mchwa alimwendea mwalimu wa kompyuta.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Unaonekana kama umebeba magunia."

Mchwa alimweleza. Mwalimu hakushangaa, alivuta kiti cha pili mbele ya kompyuta. "Leo hakuna kukimbia," alisema. "Soma mwenyewe, kwa sauti. Mimi nitasikiliza."

Ikawa kazi ya kuchosha kweli. Masharti ya Mkoba yalianza vizuri, nafasi tele, mpaka Mchwa alipofika kwenye sentensi moja akaisoma mara mbili. "Inasema kampuni inaweza kutumia picha za mteja kwenye matangazo yake."

"Ungependa kumwona Bibi yako kwenye tangazo la sabuni?"

"Hapana!"

"Basi endelea."

Kabati lilikuwa na nafasi ndogo. Lilitaka namba ya simu ya Mama na anwani yake halisi, likaeleza namna ya kuingia tena mtu akisahau nenosiri, na likaahidi kumwarifu mwenye akaunti kabla ya kufuta chochote. Mtu aliweza kupakua vitu vyake vyote wakati wowote.

"Lakini picha zetu zote hazitaenea," Mchwa alisema. Kisha akakumbuka kwamba picha nyingi hazikuwepo tena, isipokuwa zile Baba alizotuma pamoja na sauti. Picha za mdogo wake akijifunza kutembea hazikupatikana kwa Baba wala kwa Shangazi. Hizo zilikuwa zimekwenda moja kwa moja. Aliinamisha kichwa.

"Nafasi ndogo itakulazimisha kuchagua," mwalimu alisema. "Na usiweke kila kitu mahali pamoja. Chukua nakala nyingine kwenye kadi ya kumbukumbu, uiache kwa mtu mnayemwamini."

Jioni Mchwa aliketi karibu na Mama. Alimngoja amalize kumlisha Bibi, ndipo akamwomba anwani yake na namba yake. Waliandika nenosiri pamoja. Mchwa alipeleka picha moja ya kuku wa jirani, akaifuta kwenye simu, akairudisha. Ikarudi. Kuku alikuwa vilevile, mguu mmoja juu.

"Umejaribu?" Mama aliuliza, ingawa alikuwa ameona kwa macho yake.

"Nimejaribu, Mama. Tazama."

Ndipo alipoipeleka sauti ya Babu. Kadi ya kumbukumbu ikaenda kwa Shangazi. Kazi ya kuchagua picha zilizotoka kwa Baba iliwachukua muda mrefu. Nyingine zilikuwa na ukungu, nyingine zilijirudia, na moja ilikuwa ya kidole cha Baba tu.

Walipomaliza, Mama alinyoosha miguu yake iliyovimba. "Kuchagua vibaya ni kosa la kila mtu," alisema. "Hata mimi ningeweza kuchagua lile Ghala, kwa uchovu nilionao. Hilo nimekusamehe. Lililonichoma si pasi, mwanangu. Ni kwamba nilikuuliza, ukanijibu umefanya jambo ambalo hukulifanya. Mtu akisema, 'Nimekosea,' wengine wanaweza kumsaidia. Akificha, anabaki peke yake na kosa lake, na wanaompenda wanaumia bila kujua dawa iko wapi."

"Sitaficha tena, Mama."

"Utakosea tena lakini. Sote tunakosea." Mama alipiga miayo mirefu. "Ukikosea niambie mapema, hata nikiwa nimechoka. Hasa nikiwa nimechoka. Sasa nenda kaoshe vyombo, huu mkono wangu bado haugusi maji."

Mchwa akaenda jikoni. Vyombo vilikuwa vingi, na sufuria ya uji ilikuwa na ukoko uliogandia chini. Alimimina maji, akaiacha ilowe kwanza, kisha akaanza kusugua pole pole, mpaka chini kabisa.