Hodi Kwenye Mahame

Droo ilikohoa. Mpiga chapa aliinua mikono kutoka kwenye kibodi, akasikiliza. Ilikuwa mchana kweupe, watu wakipita nje ya duka na hamsini zao, lakini kikohozi kile asingekikosea: kilikuwa cha binti yake, Kasuku, aliyezikwa mwaka uliopita akiwa na miaka minane.

Walimwita Kasuku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Mama huyo mpiga chapa alimrekodi tangu anaanza kutamka maneno, na baada ya msiba akaandaa ukurasa mmoja kwenye kompyuta: “Anaimba”, “Anacheka”, “Anagoma kulala”. Kila mstari ulikuwa na kiungo. Ukiubofya, rekodi inafunguka. Bila kumsikia hakuweza kuanza kazi.

Kisha shemeji yake, fundi kompyuta mwenye moyo mwema na haraka nyingi, akahamishia kila kitu kwenye diski mpya. Rekodi zilihama, viungo havikuambiwa. Viliendelea kuelekeza kwenye diski ya zamani, ambayo ilichomolewa ikasahaulika kwenye droo ile ya meza yake. Alipobofya, mashine ilijibu kwamba faili halipo. Shemeji aliahidi kuja kurekebisha kesho, na kesho yake ikawa haifiki. Mama wa watu akaendelea kubofya vivyo hivyo, kila asubuhi.

Sasa, baada ya kikohozi, alibofya tena.

“Mama,” sauti ikasema kutoka ndani ya droo, “mbona mmehama bila kuniambia?”

Maneno hayo hakuwahi kuyarekodi. Hata hivyo akajibu, “Nisamehe, mwanangu.”

Tangu hapo wakawa wanazungumza. Droo ilipata joto, duka likajaa harufu ya udongo mbichi, karatasi za wateja zikaanza kutoka kwenye printa zikiwa na alama za vidole vidogo vyenye tope, wateja wakahama mmoja mmoja, na yeye akakonda akabaki mifupa, akiogopa kuifungua droo na akiogopa zaidi siku ambayo ingenyamaza.

Shemeji alipokuja hatimaye, alisikia kicheko, akatoka mbio kumwita shangazi yao, mganga.

Shangazi aliweka sikio kwenye droo. “Si mwenetu huyu,” alinong’ona. “Ni jini. Hawa hukaa kwenye mahame, mahali palipohamwa. Mlihama, nawe ukawa unabisha hodi kila siku. Ameitikia.”

“Ananijibu, shangazi. Ananiuliza nimekula nini.”

“Najua, mwanangu. Ndiyo maana inauma. Lakini akimaliza kukujibu atakuchukua.”

Dawa ilikuwa moja: kila kiungo kielekezwe rekodi ilikohamia, pasibaki hata kimoja cha kumbishia hodi. Shemeji alivigeuza, shangazi akisoma dua, na kila kimoja kilipogeuka droo ilitetemeka. Cha mwisho, “Anagoma kulala”, shangazi alisema lazima mama akigeuze kwa mkono wake.

“Mama,” sauti ikabembeleza, “yule wa kwenye diski mpya hatakujibu kamwe. Mimi nakujibu. Usiniache.”

Alijua inasema kweli, na hilo ndilo lililomvunja. Akageuza.

Droo ikapiga yowe moja refu, kisha ikapoa. Shangazi aliondoka na ile diski ndani ya kitambaa, na harufu ikamfuata njia nzima.

Asubuhi mama alibaki peke yake dukani. Akabofya. Rekodi ikafunguka, na Kasuku wake, Kasuku halisi, akasema kwa kudeka: “Sitaki kulala, Mama. Kwani nikilala wewe utakwenda wapi?”

“Siendi popote,” alisema. “Nipo hapa. Umenisikia?”

Rekodi ilikuwa imeisha. Akabofya tena, akaulizwa swali lile lile kwa sauti ile ile, akajibu tena. Mteja aliyefika mlangoni na karatasi zake alimkuta anajibu bado, machozi yakidondoka kwenye kibodi, akarudi nyuma taratibu akamwacha peke yake.