Mkono wa Mama na Sindano ya Gazeti

Siku za Jumamosi Chiriku hakusubiri kuitwa. Aliamka, akanawa uso, akabeba mfuko wa nywele za bandia na kuongozana na mama yake hadi saluni. Jina la Chiriku hakupewa na wazazi. Alibandikwa na wateja wa saluni, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Akiwa na miaka kumi na miwili, alikuwa na kazi mbili pale: kuchambua nywele na kumpa mama fungu moja moja, na kupiga soga na wateja mpaka wasahau maumivu ya kusukwa.

Mama yake alikuwa msusi mwenye vidole vyepesi. Chumba chake kilikuwa kidogo, kina vioo viwili, viti vitatu, feni iliyozunguka kwa kusitasita, na birika la umeme lililochemka kutwa nzima. Joto la mle ndani lingeweza kukausha nguo bila jua. Hata hivyo, mama hakuvaa blauzi ya mikono mifupi hata siku moja. Chiriku alijua sababu. Mkono wa kushoto wa mama ulikuwa na kovu kubwa, kuanzia kifundoni hadi karibu na kiwiko, ngozi imejikunja na kung'aa. Kila alipouliza, mama alimjibu kwa mkato: "Maji ya moto, mwanangu. Haya, nipe fungu jingine."

Jumamosi hiyo aliyekuwa kitini ni msichana wa darasa lake. Misuko ilikuwa imekwisha, imebaki kazi ya kuchovya ncha zake katika maji ya moto ili zisifumuke. Maji yakaruka kidogo, yakalowesha mkono wa blauzi ya mama. Bila kufikiri, mama akaukunja.

"Ala!" msichana alimaka, akitazama kwenye kioo. "Mama Chiriku, mkono wako kama ngozi ya mamba!"

Uso wa Chiriku uliwaka kwa aibu. Badala ya kumtetea mama yake, alinong'ona, "Mama, shusha mkono wa blauzi."

Mama aliushusha, ukiwa umelowa vilevile. Alimaliza kazi yake kwa utulivu, akamsifu msichana kwamba amependeza, na akatabasamu. Lakini Chiriku aliona kuwa tabasamu lile liliishia kwenye midomo.

Walipofunga saluni, mama alisema, "Kuna jambo nimelifikiria muda mrefu. Nataka nichorwe tatuu juu ya hili kovu, lifunikwe. Mteja wangu mmoja alifunikiwa la kwake, huwezi kulijua."

"Tatuu!" Chiriku aliruka. "Mama, twende wote!"

Fundi waliyekwenda kumwona Jumapili alikuwa mtu wa miraba minne mwenye sauti ya upole. Watu walimwita Gazeti, kwa kuwa mwili wake wote, kasoro uso, ulijaa tatuu na ulikuwa unasomeka. Chiriku alitarajia kukuta chumba chenye giza na vitu vya kutisha. Alikuta sakafu inayong'aa, sinki, taa kali, kiti kinacholala kama cha daktari wa meno, na harufu ya dawa ya kuua vijidudu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, binti. Karibuni mkae. Kabla sijagusa ngozi ya mtu, namwambia kwanza anachokitaka ni kitu gani. Wengi huja wanataka picha tu, hawajui inawekwaje."

"Inawekwaje?" Chiriku aliuliza, hata kabla hajakaa.

Gazeti akacheka. "Ukijichora kwa kalamu, wino unakaa juu ya ngozi. Ukioga, umekwenda. Tatuu ni wino uliowekwa ndani. Mashine hii inapandisha na kushusha sindano upesi kuliko cherehani, na kila inapochoma inaacha chembe ya wino chini ya ngozi ya juu. Ngozi ya juu hubanduka na kuota upya, lakini ya chini haiendi popote. Ndiyo maana haifutiki."

"Inauma?"

"Inauma. Anayekwambia haiumi huyo anakudanganya ili apate mteja."

Ukutani palijaa picha za tatuu, na Chiriku alipita akiuliza moja baada ya nyingine. Gazeti alimweleza kwamba ile ya mistari minene na rangi chache ni mtindo wa zamani, hudumu miaka mingi bila kupauka. Ile ya uso wa bibi mzee, iliyofanana na picha ya kamera, huitwa picha halisi, na hutaka fundi anayejua kivuli kiangukie wapi. Simba wa pembeni alionekana ana manyoya laini, lakini Chiriku aliposogeza pua karibu, aliona hapakuwa na mstari hata mmoja.

"Nukta tupu!" alisema.

"Nukta tupu. Zikibanana panakuwa giza, zikiachana panakuwa na mwanga. Juu ya kovu napenda kutumia hizo, kwa sababu kovu ni ngozi kaidi. Hapa inakubali wino, pale inakataa. Ukilazimisha mstari mrefu, utakatika njiani."

Kisha akawaonyesha pakiti za sindano. Kila mteja hufunguliwa yake mbele ya macho yake, alieleza, na ikimaliza kazi hutupwa kwenye kopo gumu la plastiki. Haimgusi mtu wa pili. Wino humiminwa katika kikombe kidogo, na unaobaki humwagwa.

"Si hasara hiyo?" Chiriku aliuliza.

"Hasara ni kuambukizana, binti. Homa ya ini na virusi vya Ukimwi hupita kwenye damu. Wapo vijana wanaochorana uchochoroni kwa sindano ya kushonea na wino wa kalamu. Hawajui wanagawana nini."

"Basi nichore mimi hapahapa, kipepeo kidogo tu!"

"Njoo ukishakuwa mtu mzima. Wewe bado unakua, na ngozi inakua nawe. Kipepeo wa leo, kesho atakuwa popo."

Hata mama alicheka. Gazeti akanawa mikono, akavaa glavu, akaupokea mkono wa mama na kulipapasa kovu taratibu, kama mtu anayesoma kwa vidole. "Limekomaa vizuri. Lilitokana na nini?"

Mama alimtupia Chiriku jicho, akasita. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Huyu alikuwa anajifunza kutembea. Nilikuwa namaliza kumsuka mteja, nimeweka jagi la maji ya kuchovya ncha juu ya meza. Nikamwona amenyanyuka, ameshika kitambaa cha meza, anakivuta. Jagi likaja usawa wa uso wake. Sikuwa na nafasi ya kufikiri. Niliutia mkono katikati."

Chiriku aliukumbuka mnong'ono wake wa Jumamosi ile, mama, shusha mkono wa blauzi.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza.

"Ningekwambia ili iwe nini? Ulikuwa mtoto mchanga, hukuwa na kosa. Sikutaka ukue ukidhani nakudai msamaha."

Gazeti alijifanya anapanga vitu vyake, akawaacha kidogo. Aliporudi alisema, "Sasa Mama Chiriku, maswali ya afya. Una shinikizo la damu? Kisukari? Ugonjwa wa damu? Kuna dawa yoyote unatumia?"

"Mimi mzima kabisa," mama alijibu haraka. "Hata leo ukitaka, anza."

Mama hakuwa mzima kabisa. Alikuwa na kisukari. Vidonge vyake vilikaa juu ya kabati, na mara nyingi alisema atameza baadaye, akasahau. Siku ya kliniki ilipofika alikuwa na wateja, akaahirisha, akaahirisha tena. Siku hizi alikunywa maji kama mtu aliyetoka jangwani. Chiriku alimtazama mama yake, akayaona macho yake yakiwa na hamu kama ya mtoto anayesubiri nguo mpya. Mkono ule uliharibika kwa ajili yake. Leo mama ametaka kitu kimoja tu, na yeye ndiye amharibie?

Lakini fundi alikuwa ameshaanza kufungua pakiti ya sindano.

"Fundi," Chiriku alisema. "Mama ana kisukari. Na dawa hamezi vizuri."

"Chiriku!" mama alimaka.

"Samahani mama. Naogopa."

Gazeti akairudisha pakiti mezani. Hakumkaripia mtu. "Mama Chiriku, tatuu ni kidonda. Kizuri, lakini ni kidonda. Sukari ikiwa juu kwenye damu, kidonda hakifungi, vijidudu vinapata makao, na mkono unaweza kuoza. Sisemi kwamba mwenye kisukari hachorwi. Sukari ikitulia, daktari akiridhika, nitakuchora kwa furaha. Leo, hapana. Mimi si daktari, na siwezi kubahatisha na mkono wako."

Njia nzima ya kurudi nyumbani mama alitangulia mbele kwa hatua za haraka. Walipofika mlangoni, mama alisema bila kumtazama, "Umeniaibisha mbele ya mtu."

"Najua, mama. Ungekasirika tu, mimi ningevumilia. Lakini ungeugua…" Hakumaliza. Machozi yalimzidi nguvu.

Mama akauacha ufunguo kwenye kitasa. Kisha akamvuta kifuani, akamshikilia.

Jumatatu saluni haikufunguliwa. Walikwenda zahanati wote wawili. Daktari, mwanamke mwenye miwani aliyezungumza bila haraka, alimpima mama sukari, akakunja uso. Akamwomba avue viatu. Chini ya wayo palikuwa na lengelenge lililopasuka na kuanza kuwa jekundu pembeni.

"Hili limekuuma?" daktari aliuliza.

"Hata sikujua kama lipo," mama alijibu, ameshangaa.

"Hapo ndipo sukari inapomwibia mtu, anaumia asijue. Nimefurahi umekuja sasa. Ungechelewa, tungekuwa tunazungumza mengine kabisa. Nani amekusukuma?"

Mama akamnyooshea Chiriku kidole. Daktari alimpa Chiriku mkono, kama wanavyopeana watu wazima, akasema, "Ahsante sana."

Maisha ya nyumbani yalibadilika. Vidonge viliteremshwa kutoka juu ya kabati vikawekwa kando ya sahani. Sukari ya chai iliondolewa, na mama alilalamika kwamba chai imekuwa maji ya kuoshea vikombe. Jioni walitembea pamoja, Chiriku akisimulia habari za shule mpaka mama akatangaza kwamba masikio yake ndiyo yanayofanya mazoezi zaidi kuliko miguu. Kidonda cha mguu kilifunga. Miezi ilipita, vipimo vikateremka, vikatulia, na siku moja daktari akasema, "Sasa nenda kwa fundi wako. Ila ukiona uwekundu unaoenea, usaha au homa, njoo hapa siku hiyohiyo."

Gazeti aliwapokea kama ndugu. Alichora tawi lenye majani membamba kwenye karatasi maalumu, akaibandika mkononi, na ilipobanduliwa ikaacha alama ya zambarau ya kumwongoza. Kwanza alijaribu sehemu ndogo ya kovu, akasubiri kuona ngozi itasemaje. Siku nyingine, mambo yakiwa shwari, akaanza kazi yenyewe. Mashine ililia kama nyuki ndani ya chupa. Mama alikaza meno na kumbana Chiriku vidole.

"Ongea," mama alimwambia. "Ongea chochote!"

Chiriku akaongea. Gazeti alisema katika miaka yake yote ya kazi hajapata kuona dawa ya maumivu yenye maneno mengi kiasi kile.

Kazi ilipokamilika, kovu halikupotea. Ukitazama kwa makini uliliona chini ya majani, kama udongo chini ya mmea. Mama aliugeuza mkono huku na huku chini ya taa, machozi yakimlengalenga. "Ahsante, fundi," alisema. "Sikujua kuwa nitaupenda tena mkono huu."

Gazeti alimpa maelekezo: aoshe kwa maji safi na sabuni isiyo na manukato, akaushe kwa kugusagusa bila kusugua, apake mafuta kidogo tu, asikwangue magamba yakianza kubanduka, asiogelee wala kuanika mkono juani mpaka upone.

Kuosha mkono ule ikawa kazi ya Chiriku. Jioni moja, akiwa anapaka mafuta kwa ncha ya kidole safi, alisema, "Mama, sikukushukuru. Kwa maji yale. Na siku ile saluni nilikuambia ushushe mkono, nilikosea. Ahsante kwa mkono wako."

Mama alimgeukia. "Na mimi sijakushukuru wewe," alisema. "Kwa fundi pale, ulijua nitakasirika na bado ulisema kweli. Ungenyamaza ili unifurahishe, huenda mkono huu nisingekuwa nao leo, au mguu. Nilidanganya kuhusu afya yangu mwenyewe, mwanangu, mtu mzima mimi. Nilidhani namdanganya fundi, kumbe najidanganya mwenyewe. Ugonjwa haujali wewe unamficha nani. Ukiulizwa na daktari, au na yeyote anayeshika sindano, sema ukweli wote, hata kama unakunyima unachokitaka siku hiyo. Na ukimpenda mtu, usimsaidie kujidanganya."

"Hata kama ni mama yangu?"

"Hasa kama ni mama yako," mama alisema, akambusu kwenye paji la uso.