Nyumba ya Mama Niliyoiita ya Baba

Nina miaka hamsini na minne, ni mama wa watoto watatu na mzee wa kanisa katika usharika wetu hapa Arusha. Wasomaji wenzangu, naandika haya nikiwa na aibu ambayo sijui niipeleke wapi. Nisomeni hadi mwisho kabla ya kunihukumu... ingawa hukumu naistahili.

Nilizaliwa Ngarenaro, katika nyumba ambayo mama yangu, Anandumi, aliijenga kwa mikono yake. Alishuka kutoka kwao Nkoaranga, mlimani Meru, akiwa msichana mwenye mimba yangu, baada ya baba yake kumfukuza. Aliyempa mimba alimkana, na mimi sura yake sijawahi kuiona.

Upande wetu wa mtaa ulikuwa bado vichaka na mashamba ya mahindi, nyumba moja hapa, nyingine kule. Mama alikata fito, akakanyaga udongo kwa miguu, akakandika kuta na kuezeka kwa madebe yaliyokunjuliwa. Jirani mmoja kijana, Hamisi, ambaye naye alikuwa anajenga kwake, ndiye aliyemsaidia kuinua paa.

Kisha mama akaanza kupika mbege, pombe ya ndizi na ulezi. Watu walikuja kunywa uani kwetu, wakaimba, wakagombana, wakapatana. Mbege hiyo ndiyo iliyonivisha sare na kunisomesha hadi nikawa muuguzi. Lakini shuleni waliniita mtoto wa kilabuni, nami nikakua nikiuchukia ua ule. Niliapa moyoni kwamba watoto wangu hawatalisikia jina hilo.

Mwaka jana vijana wa mtaa waliona nyumba za zamani zinavunjwa moja baada ya nyingine na maghorofa yanapanda. Wakaandaa siku ya kuzitembelea zilizobaki. Mbele ya kila nyumba mtu wa familia angesimama na kueleza nani aliijenga, na maisha yalikuwaje.

Wakati huo binti yangu Neema alikuwa ameshachumbiwa. Wazazi wa mchumba wake, watu wa Machame wenye heshima zao, walisikia habari hiyo wakaomba nao waje.

Mama alifurahi kama mtoto. Alivaa kitenge kipya, akakaa kwenye kiti mlangoni pake. Watu walipofika, alinipa ishara niseme mimi, kwa kuwa sauti yake ilikuwa imechoka. Nikashika kipaza sauti. Nikawatazama wakwe zangu watarajiwa... na moyo ukaingiwa na hofu.

Nikasema, "Nyumba hii ilijengwa na marehemu baba yangu, aliyekuwa mwalimu. Mama alikuwa akimsaidia."

Baba gani? Mwalimu wa wapi?

Wazee wa mtaa wakatazamana. Mzee Hamisi alifungua mdomo kutaka kusema, mama akamshika mkono. Kisha akainamisha kichwa, na wageni wakapiga makofi.

Kesho yake nilimkuta anafunga nguo zake.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Nkoaranga, kwa mdogo wangu."

"Kwani hapa si kwako?"

"Hapa ni kwa baba yako," alinijibu taratibu. "Mimi nilikuwa namsaidia tu."

Nilipiga magoti. Hakunifokea. Laiti angenifokea...

Nilimfuata Nkoaranga kumwomba msamaha. Tulikaa nje, kwenye migomba ya mjomba, huyo mdogo wake, mama akanisikiliza hadi nikamaliza kulia. Akasema, "Mimi nimeshakusamehe, mwanangu. Lakini umenitoa kwenye nyumba yangu mbele ya majirani. Nirudishe mbele ya majirani hao hao."

Nikamwambia, "Harusi ya Neema ipite kwanza, mama."

"Haya. Nitasubiri."

Harusi ikafika. Mama hakuja. Wakwe waliponiuliza, nikawaambia anaumwa miguu. Uongo wa pili ukaketi juu ya wa kwanza. Harusi ikapita, nikasema nitafanya baada ya Pasaka. Pasaka nayo ikapita. Nilikuwa nasubiri nini? Nilikuwa naona haya, basi.

Katikati ya masika mjomba akapiga simu. Homa ya mapafu ilimshika mama ghafla, wakamkimbiza hospitali, hakurudi. Alikuwa ameagiza azikwe huko huko mlimani.

Nilimsihi mjomba jeneza lipite kwanza Ngarenaro, akakubali. Likawekwa uani, pale watu walipokuwa wakinywa mbege. Majirani walikuwepo. Wakwe walikuwepo. Nikasimama, nikasema yote: fito, udongo, mbege, na kwamba hakukuwa na mwalimu wala mume.

"Aliyeijenga nyumba hii ni huyu," nikasema, nikapiga magoti kando ya jeneza.

Mzee Hamisi alilia kwa sauti. Nami nilingoja wakwe wanigeuzie mgongo. Badala yake mama mkwe wa Neema alikuja, akaniinua, akaninong'oneza, "Mama Neema, ulituogopa sisi? Mimi na ndugu zangu tumesomeshwa na mbege ya mama yetu. Ungetuambia, tungempigia magoti huyu mama."

Hapo ndipo nilipovunjika kabisa. Nilimuuza mama yangu ili ninunue heshima ya watu ambao hawakuwa wakiiuza...

Tulimzika Nkoaranga mvua ikinyesha. Nyumba nimeachiwa mimi. Nikiingia humo najiona kama mgeni aliyeingia bila kupiga hodi.

Wasomaji wenzangu, mnawaonea haya waliowalea? Kwa sababu walipika pombe, walisukuma mkokoteni, hawakuolewa? Msifuate njia yangu. Msamaha wa mama niliupata, lakini jambo dogo aliloniomba nililifanya masikio yake yakiwa yamekwisha kuziba. Wasemeni vizuri mbele za watu leo, wakiwa wamekaa pale kwenye kiti, wanasikia.