Jeneza la Mama Mlangoni pa Kanisa

Nina miaka arobaini na mitatu, mama wa watoto wanne, hapa Kinampanda. Kidato cha nne nilimaliza, na elimu yangu naitumia kusoma magazeti yaliyofungiwa maandazi. Mimi ni mtu wa nyumbani. Hata sokoni nikikawia, jiko langu nalikumbuka kama mchumba. Chekeni sasa, wasomaji wenzangu, maana mbele hakuna kicheko...

Biashara huria ilipoingia, mume wangu, Baba Elia, alianza kuuza mafuta ya alizeti. Akafanikiwa! Akaliezeka kanisa letu kwa bati, kisha akaleta gitaa na spika. Mchungaji akakataa gitaa ibadani. Kanisa likapasuka: vijana kwa mume wangu, wazee kwa mchungaji, na mama yangu mzazi mstari wa mbele upande wa wazee. Baba Elia akapiga kufuli mlango. Eti bati ni lake! Vijana wakawa wanasali uani kwetu, wazee chini ya mti.

Na mimi? Nikashikwa na kichwa! Kila Jumapili kiliuma, ibada zikiisha kinapona. Nimfuate mume, nimsaliti mama? Nimfuate mama, nirudi kulala wapi?

"Mwanangu," mama alinitania, "hicho kichwa chako kina kalenda?"

Nilicheka. Nikakaza kitambaa kichwani.

Kisha mama akaugua kifua, akafa... Ombi lake lilikuwa moja tu: aombewe ndani ya kanisa ambalo matofali yake aliyabeba kichwani. Nikampigia magoti mume wangu. Akasema atafungua, ila wazee wakiri kwanza kwamba gitaa si dhambi. Nikawakimbilia wazee. Wakasema hawakiri kitu kwa ajili ya kufuli. Nilikuwa nimebanwa huku na huku!

Siku ya mazishi tulilitua jeneza mlangoni, juani. Msomaji wa neno nilikuwa mimi tangu zamani, kwa Kiswahili kisha Kinyiramba, lugha yetu ya nyumbani, wazee wasiachwe. Nikafungua barua ya Mtume Paulo kwa kanisa la Korintho, watu waliogombana hadi akawauliza mbona wanajigawa mafungu na Bwana wao ni mmoja. Nikasoma nikilia. Nikatafsiri nikilia zaidi...

"Mama Elia," mume wangu akapaza sauti, "soma Biblia, usinisome mimi!"

"Sijakutaja, Baba Elia. Kama umejiona humo, fungua!"

Hata vijana wake waliguna. Mkono wake ukaingia mfukoni, nikasikia ufunguo ukilia... Mungu wangu, anafungua!

"Mwacheni na bati lake," mzee mmoja akadakia kwa kejeli.

Mkono ukatoka mtupu.

Tulimzika mama bila kuvuka kizingiti.

Baada ya mavuno walipatana, kirahisi tu, kwa chai na karanga! Leo gitaa linapigwa na wazee wanapiga makofi. Mume wangu aliniomba radhi. Mdomo umesamehe, moyo bado unachechemea.

Wenzangu, nawasihi: ndugu zenu wakigombana, semeni mapema, hata mkifukuzwa jikoni. Mimi nilisema vizuri sana, tena kwa lugha mbili... na yule aliyengoja kunisikia alikuwa ameshalala ndani ya jeneza.