Waya Usiouma

Vitalis alikufa wima. Wenzake walipozima swichi kuu ndipo mkono wake ulipouachia waya, akaanguka chali kwenye sakafu ya kiwanda cha sabuni, mtaa wa Gerezani.

Inspekta Severa alipofika, matangi yalikuwa yanapoa na sabuni inaganda. Kimya kile cha mitambo hakikumpendeza. Nje ya geti watu wenye mawe walikuwa wanapiga kelele, wakimtaka Manubhai, tajiri aliyekinunua kiwanda kutoka serikalini.

"Wanasema mitambo yangu imemuua," alisema Manubhai. Shati lilikuwa limemganda mgongoni. "Nikitoka hapa, afande, Kariakoo sifiki."

"Basi kaa hapo."

Severa akautazama waya. Shaba tupu, mpya, kutoka kwenye transfoma hadi kwenye kisanduku cha kizuizi ukutani. Kando alisimama fundi mkongwe, Mzee Melkiori, mikono mfukoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Huu si waya wa ardhi, wa usalama? Umeuaje?"

"Huu una mambo yake." Melkiori hakuficha majivuno. "Zamani waya wa moto ukigusa chuma, fyuzi inakatika. Mfumo huu mpya hauzimi. Kizuizi kinaubana umeme, kazi inaendelea, kengele inalia mpaka fundi aipate hitilafu. Muda wote huo waya huu nao una moto. Ndiyo maana huvishwa plastiki."

"Leo uko uchi."

"Muulize mwenye mali."

"Kengele je, ililia?"

"Haikulia. Vitu vya bei rahisi hivyo."

Severa akapanda juu ya kreti, akafungua kifuniko cha kengele. Nyundo yake ilikuwa imezikwa ndani ya sabuni. Iliwekwa ingali laini. Sasa imekauka, imehifadhi alama ya kidole gumba, na kovu limeipasua alama hiyo katikati.

"Mzee, toa mikono mfukoni."

Melkiori hakutii.

"Maabara watanijibu kesho. Wewe unaweza kunijibu sasa."

Mkono ukatoka polepole. Kovu lilikuwa pale.

"Hitilafu uliitengeneza wewe?"

"Niliulaza waya wa moto kwenye chuma cha mashine ya kukorogea. Nikautoa waya uliovishwa plastiki, nikaweka huu."

"Ulijuaje kwamba Vitalis ataushika?"

"Kila asubuhi, kengele ikiwa kimya, yaani waya hauna moto, aliukamata kwa kiganja, akawaambia vijana: mnaona, hauumi."

"Nani alimfundisha hivyo?"

Melkiori akakaa kwenye katoni. "Mimi, kwa waya wa ardhi wa mfumo wa zamani. Alikuja hapa hajui hata kushika bisibisi. Tajiri akampeleka kusomea mfumo mpya, akarudi mkuu wa mafundi. Juzi nanyoosha mkono kwenye kisanduku hiki, ananishika mbele ya vijana. 'Mzee, acha. Haya huyajui.' Wakacheka."

Akautazama mwili.

"Nilitaka ajue kwamba nayajua."

Severa akamtia pingu, akamtoa nje ya geti. Kelele zilikatika ghafla. Kijana mmoja, jiwe bado mkononi, alimwamkia kwa mazoea.

"Shikamoo, mzee."

Melkiori hakuitikia.