Samaki wa Jiwe

Ng'washi hakuwa na viatu vya kufunga kamba, hakuwa na begi la shule, wala hakuwa na kaka wa kumtetea darasani. Hayo aliyazoea. Lakini tangu Machi 1994 hakuwa na baba, na hilo hakulizoea.

Zamani, kila Jumapili baada ya ibada, baba aliwachukua yeye na mama kutembea katika hifadhi ya mto, mbele kidogo ya kijiji cha Buswelu. Njia ilikuwa fupi na tambarare. Hata bibi mwenye fimbo angeimudu. Kando yake kulikuwa na visukuku, yaani viumbe wa kale waliogeuka jiwe. Baba alimpenda samaki mmoja, mdogo kama kiganja.

"Hatua tatu kutoka mzizi wa mkuyu," alikuwa akisema, "kichwa kimeelekea majini. Akihamishwa, hata mtaalamu hatajua habari zake."

Wiki moja baada ya mazishi, Ng'washi alikwenda peke yake akamchukua yule samaki. Kila usiku alilala amemkumbatia.

Mwezi Juni mama alisema, "Twende tukatembee, mwanangu." Langoni walimkuta mlinzi mpya, Nkwabi, akawasalimu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mzee Maige, mlinzi wetu wa siku zote, yuko wapi?"

"Amesimamishwa kazi. Samaki wa jiwe kapotea, wanasema kawauzia watalii. Siku hizi si kila kitu biashara? Keshokutwa wanamfukuza."

 Mzee Maige alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza la baba. Walipofika penye mkuyu, Ng'washi akaliona shimo tupu.

"Mama, ni mimi."

Nyumbani mama alimpapasa samaki yule kwa muda mrefu, machozi yakimtiririka.

"Na mimi shati la baba yako sijalifua," alisema. "Lakini shati ni letu, Ng'washi. Jiwe hili si letu. Uchungu wetu ni mkubwa, ila hautupi ruhusa ya kumwacha mtu asiye na kosa aitwe mwizi. Andika."

Ng'washi alimwandikia mkuu wa hifadhi. Alikiri kosa, akamwombea Mzee Maige. Mwishoni aliandika: "Hatua tatu kutoka mzizi wa mkuyu, kichwa kielekee majini. Baba alinifundisha."

Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka, wakaifunga kwa uji wa muhogo. Ng'washi alimshika samaki mara ya mwisho, kisha akamkabidhi Nkwabi pamoja na barua ampelekee mkuu, akasimama njiani mpaka baiskeli ya mlinzi huyo ilipopotea machoni.